Kuondoa Muhali Kwenye Sanduku: Mwongozo wa Kuongoza Kikundi kwa Uaminifu

Muulize mtu wa Pemba kwa nini kikundi fulani cha kuweka na kukopa kimevunjika, atakwambia pesa zililiwa. Kaa naye hadi kikombe cha pili cha kahawa, ndipo utaisikia habari yenyewe. Watu walianza kutia shaka miezi minane kabla, na hakuna aliyefungua kinywa. Mwenyekiti ni mjomba wa huyu. Mshika fedha ni mke wa maalimu anayewasomesha watoto wa yule kwenye chuo cha Qurani. Katibu ndiye aliyesimamia harusi ya wa tatu. Utaanzaje kumwambia mtu kama huyo, "hebu tuoneshe pesa"? Ni muhali: unaona haya kumuuliza kwa ajili ya heshima na udugu. Basi muhali ukabaki, pesa zikenda.

Mimi nimekuwa mshika fedha, kisha katibu, na sasa mwenyekiti wa kikundi cha watu 24 katika shehia moja ya Mkoa wa Kaskazini Pemba. Wengi wetu ni wanawake wa mwani, wachache tuna mikarafuu ya urithi, na mmoja ni fundi cherehani. Vikundi vya jirani huniita mambo yakiwaharibikia, na kila ninapokwenda nakuta ugonjwa ule ule. Viongozi si wezi. Wengi wao ni watu wa heshima, wanaswali, wanazika, wanahudhuria kila jambo la mtaa. Ila wameachiwa pesa za watu bila mtu wa kuwauliza, na heshima yao ndiyo iliyowafunga wenzao midomo.

Kwa hiyo mwongozo huu una shina moja: kiongozi anayetaka kuaminiwa, kazi yake ya kwanza ni kuwaondolea wenziwe muhali wa kumuuliza. Hatua nitakazozieleza zimetoka kwenye vikundi vya hisa, yaani hivi vya kuweka na kukopa, maana huko ndiko nilikojifunzia. Zinafaa vilevile kwa kamati ya maji, kamati ya uvuvi, kamati ya skuli na hata kwa wasimamizi wa msikiti.

Kwanza tenganisha muhali na sitara

Maneno haya mawili tunayachanganya, na kuchanganya huku kumevunja vikundi vingi. Sitara ni kumfunika mwenzio katika aibu yake: mume amemwacha, mtoto ameshikwa na polisi, ndani hakuna chakula cha usiku. Mwanachama akija kwako jioni kukuomba mkopo na akakueleza sababu, sababu ile ni ya kwake. Ukiitoa barazani umemvua nguo, na hatakuja tena, wala dada yake hatakuja.

Pesa za watu 24 hazina sitara. Hizo ni mali ya wengi, na mali ya wengi hukaa juani. Kiongozi anayesema "haya mambo ya hesabu tuyamalize wenyewe viongozi, tusiwatie watu wasiwasi" anaifunika mali kwa nguo iliyokusudiwa watu. Nimewahi pia kukuta kinyume chake: kiongozi anaitangaza shida ya mwanachama kikao kizima ili aonekane mkweli, na daftari liko kwake nyumbani halijawahi kufunguliwa mbele ya mtu.

Kanuni tunayoitumia ni fupi: takwimu zote hadharani, sababu za mtu zibaki moyoni. Tunasema "mwanachama namba 11 amepewa laki na nusu, atarejesha katika miezi mitatu." Hatusemi ni ya nini, labda yeye mwenyewe atake kusema.

Hatua ya kwanza: jipime kabla hujasema ndiyo

Watu wakikupendekeza, usikubali siku hiyohiyo. Omba wiki moja. Katika wiki hiyo jiulize maswali matatu na uyajibu kwa maandishi.

Nadaiwa na nani, kiasi gani? Mtu mwenye deni linalomkosesha usingizi asishike funguo ya sanduku, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani. Hii si tuhuma, ni huruma. Kumweka mwenye njaa alinde sufuria ni kumtia mtihanini.

Nani katika kikundi ni ndugu zangu? Pemba swali hili ni refu, kwa sababu ukivuta uzi wa nasaba unafika nyumba zote. Andika wale wa karibu tu: mume au mke, wazazi, ndugu wa tumbo moja, watoto, wakwe. Hao ndio utakaojitoa kwenye uamuzi wanapoomba mkopo.

Naweza kazi yenyewe? Hapa wengi huteleza, kwa kudhani uaminifu unatosha. Qurani inatueleza kwamba Nabii Yusuf, alipoomba awekwe juu ya hazina za nchi, alitaja sifa mbili pamoja: kuwa yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Na binti aliyemshauri baba yake amuajiri Musa alisema mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu, mwaminifu. Mlinzi asiyejua kujumlisha hupoteza pesa bila kuiba hata senti, na mwisho wake huitwa mwizi vilevile. Kama hesabu zinakutia kiwi, usiwe mshika fedha. Kuwa mhesabuji wa pili, au mshika funguo, mpaka ujifunze.

Ukishakubali, siku ya kuchaguliwa simama useme madeni yako na ndugu zako mbele ya kikundi. Mara ya kwanza utaona haya. Lakini sheria ya Zanzibar inawataka viongozi wa umma wajaze tamko la mali na madeni yao kwa Tume ya Maadili ya Viongozi wa Umma, chini ya Sheria Namba 4 ya mwaka 2015. Ikiwa waziri anajaza fomu, nasi tunaweza kusema mbele ya watu 24 tunaokutana nao kisimani kila siku.

Hatua ya pili: katiba ya ukurasa mmoja

Sitakaa sana hapa. Katiba ndefu iliyonakiliwa kutoka kikundi kingine haisomwi na mtu. Andikeni ukurasa mmoja au miwili, kwa maneno yenu, isomwe kwa sauti hadi asiyejua kusoma aweze kuirudia. Iwemo bei ya hisa na kiwango cha juu cha hisa kwa kikao, kiwango cha juu cha mkopo (sisi ni mara tatu ya akiba ya mtu), muda wa kurejesha, faini, muda wa viongozi, na namna ya kumwondoa kiongozi. Hilo la mwisho ndilo huachwa kwa muhali. Liandikeni siku ya kwanza, wakati bado hakuna mtu wa kuondolewa, na hakuna atakayehisi anasemwa.

Amueni pia habari ya riba, na muiamue mapema. Kwetu tuliona bora mkopo urejeshwe kama ulivyotoka, na faida itafutwe kwenye biashara ya pamoja: tunanunua mchele na unga kwa magunia, tunauziana kwa bei ya chini kidogo ya duka, na kinachobaki kinaingia sandukuni. Kikundi kikiliacha jambo hili bila kulisema, wapo watakaoshiriki kwa nusu moyo na wapo watakaorudisha mkopo kwa kinyongo. Kiongozi aliyejua hivyo akanyamaza amewaficha wenziwe jambo la dini yao.

Hatua ya tatu: sanduku, kufuli tatu, na sababu yake

Njia hii ya vikundi ilianza Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Zanzibar iliingia kupitia vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, Unguja, ndipo ikavuka hadi kwetu. Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu ambao si viongozi, kila mmoja nyumba yake, na sanduku hukaa kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya kikao.

Sisi hatukuanza na sanduku. Tulianza na kopo la maziwa ya unga kabatini mwangu, na lazima nieleze yaliyotokea, maana bila hayo mtaona nasema maneno matupu.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Mtoto wa dada yangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu, tawi lilimkatikia, akavunjika paja. Walipokuja kuniita usiku sikuwa na pesa. Nikafungua kabati, nikatoa shilingi 60,000 za kikundi. Nilijua karafuu zetu zikishakauka tutazipeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, tutalipwa, na nitarudisha. Na kweli nilirudisha, siku ya tisa, zote. Hakuna aliyejua.

Lakini siku ya sita alikuja mwanachama mmoja mlangoni kwangu. Mtoto wake ana homa kali, anataka 30,000 za mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana wakati wa shida, ampeleke hospitali. Kopo halikuwa na pesa za kutosha. Nikamwambia asubiri kikao cha Jumamosi, kwamba ndiyo taratibu. Alinishukuru. Akaenda kukopa kwa muuza duka kwa masharti mabaya, na mtoto alipona, alhamdulillahi. Mimi ndiye niliyebaki na ile "ahsante" yake shingoni.

Nilikaa nayo miezi miwili, kisha nikasimama kikaoni nikasema yote. Kikao kilinyamaza. Bibi mmoja, mkubwa wetu wote, akaniuliza mbele ya watu kama zile siku ambazo yule mama alihangaika na mwanawe nimezirudisha nazo. Sikuwa na jibu. Nikavuliwa ushika fedha kwa mwaka mmoja, na ilikuwa haki. Wiki ile ile tulichanga, fundi wa kuchomelea akatutengenezea sanduku lenye komeo tatu.

Tangu hapo sijawahi kukubaliana na mtu anayesema "sisi tunaaminiana, kufuli za nini?" Kufuli tatu zinamlinda mshika fedha kabla ya kulinda pesa. Usiku ule, kama kungekuwa na kufuli tatu, ningekwenda kugonga mlango wa watu watatu, wangeamka, na pengine wangenichangia. Ningekuwa nimeomba msaada hadharani badala ya kujikopesha gizani. Kiongozi mwenye akili hujifunga mikono yeye mwenyewe wakati wa raha, kwa sababu wakati wa shida mikono haina akili.

Hatua ya nne: kikao cha kila wiki

Hapa ndipo uaminifu unapojengwa au kubomoka, na panataka subira. Sisi hukutana Jumamosi baada ya alasiri. Hata wiki ya bamvua, maji yanapokupwa sana na kazi ya mwani ikawa nyingi, saa hiyo watu huwa wamesharudi kutoka pwani. Siku na saa zisibadilike. Kiongozi anayeahirisha vikao ovyo anawazoesha watu kutokuona pesa zao.

Kaeni duara, kila mtu na namba yake, sanduku katikati juu ya mkeka. Washika funguo wafungue. Kabla ya kupokea hata shilingi moja, mwenyekiti aulize: "Wiki iliyopita tulifunga na ngapi?" Wajibu watu wote, si katibu. Hii ndiyo siri ya njia hii. Wengi wa wanawake wa Niger walioianza hawakujua kusoma, kwa hiyo waliweka hesabu vichwani. Mwizi anaweza kuchezea daftari, lakini hawezi kuvichezea vichwa 24. Kisha wahesabuji wawili wahesabu kwa sauti, noti kwa noti, waone kama idadi ni ile ile.

Nitatoa mfano wa kikao kimoja, kwa namba za kufundishia. Mfuko wa mikopo ulifungwa na 186,500, mfuko wa jamii 31,000. Hisa ni 2,000, mtu anaruhusiwa kununua moja hadi tano. Wanachama wanaitwa kwa namba, kila mmoja anaweka pesa yake kwenye sahani mwenyewe, wahesabuji wanaitaja, katibu anagonga mihuri kwenye kitabu cha mwanachama huyo. Hisa zilizonunuliwa leo ni 71, yaani 142,000. Marejesho ya mikopo ni 95,000. Jumla iliyopo ni 423,500. Mikopo iliyotolewa ni 400,000. Inabaki 23,500. Mfuko wa jamii umeongezeka 500 kwa kila mtu, yaani 12,000, umekuwa 43,000.

Kabla sanduku halijafungwa, mwenyekiti anauliza, watu wanajibu kwa pamoja: "Mikopo, ishirini na tatu elfu na mia tano. Jamii, arubaini na tatu elfu." Watasema njiani wakirudi, watasema na watoto wao. Wiki ijayo hakuna atakayehitaji ujasiri wa kuuliza pesa ziko wapi, kwa sababu kuuliza kumekuwa ni ratiba.

Waulize pia wavuvi. Samaki wakishushwa diko la Tumbe hunadiwa wazi, kila mtu anasikia bei. Nahodha anayetoa gharama ya mafuta mbele ya mabaharia wake, ndipo akagawa, haulizwi kitu usiku. Anayegawa akiwa nyumbani kwake hukosa mabaharia msimu unaofuata, hata kama mgao wake ulikuwa sawa.

Na juu ya kuandika: wapo wanaoona kuandikiana ni kutoaminiana, hasa baina ya ndugu. Wakumbushe kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya deni. Inaamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, pawe na mashahidi, na watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Inawasemeza watu walioamini. Sijui hoja nyingine inayomaliza muhali wa daftari kwa upole kama hii. Nao wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatua ya tano: mkopo wa kiongozi na wa nduguye

Watu hawakupimi kwa hotuba. Wanakutazama siku pesa ni chache na wanaozitaka ni wengi.

Kiongozi akiomba mkopo, aombe kama wengine, kikaoni, kwa sauti, na jina lake lisikilizwe mwisho. Pesa zikiwa hazitoshi, yeye ndiye anayesubiri. Nduguye wa karibu akiomba, atoke nje ya duara wakati wa uamuzi. Atoke kwa miguu, asiseme tu "mimi nitanyamaza", kwa sababu kukaa kwake pale tayari ni maneno.

Kuchelewa kurejesha kuna muhali wake. Mwanachama wa kawaida akichelewa anatozwa faini papo hapo, mwenyekiti akichelewa watu wanatazama mkeka. Dawa yake ni kwamba mwenyekiti ajitaje kabla hajatajwa: "Namba moja, leo nilipaswa kurejesha 50,000, ninazo 20,000, faini yangu hii hapa." Nimefanya hivyo mara mbili. Si raha. Lakini baada ya mara ya kwanza, wengine waliokuwa wakijificha vikao walianza kuja na walichonacho.

Hatua ya sita: pesa zinazokuja bila kuombwa

Wakati wa uchaguzi vikundi vya wanawake hutembelewa sana. Mgombea anakuja na bahasha, anampa mwenyekiti mkononi, anasema "wagawieni akina mama maji." Au mnunuzi wa mwani anakupa wewe peke yako kitu kidogo ili uwashawishi wenzio wamuuzie yeye.

Ya pili ni rushwa, irudishe pale pale, kisha uwaambie wanachama kwamba uliletewa. Usipowaambia, mnunuzi atawaambia kwa namna yake. Ya kwanza ina maamuzi zaidi. Sisi tulikubaliana hatupokei kitu kutoka kwa mgombea yeyote wakati wa kampeni, wa chama chochote, kwa sababu duara letu lina watu wa vyama vyote na Pemba siasa huingia hadi vyumbani. Kikundi chenu kikiamua vingine, angalau bahasha ifunguliwe juu ya mkeka, ihesabiwe, iandikwe, ikae usiku sandukuni na sio mkobani kwa mtu.

Na pesa za simu nazo zimeleta mtihani mpya. Mtu akiwa Unguja, au Wesha huko Kusini Pemba, hawezi kuja kikaoni, anatuma hisa yake kwa simu ya mshika fedha. Hapo pesa za kikundi zinalala pamoja na za nyumbani, na hakuna aliyeziona. Mitandao ya simu ina huduma za vikundi ambazo kila muamala hutuma ujumbe kwa wanachama, tumieni hizo. Kama hamna, nunueni laini ya kikundi, namba ya siri igawanywe kwa watu wawili, kila mmoja anajua nusu, simu yenyewe ikae kwa wa tatu. Na salio lisomwe kikaoni pamoja na la sandukuni.

Hatua ya saba: kosa likishatokea

Litatokea. Hesabu itapungua, muhuri utagongwa kwenye kitabu kisicho chake, mtu atateleza kama nilivyoteleza. Kikundi hakifi kwa sababu ya kosa. Kinakufa katika siku zile baina ya kosa na kusemwa kwake.

Ukigundua pungufu, sema katika kikao kinachofuata, na ikiwa ni kubwa itisha kikao kesho yake. Taja kiasi kamili. "Kuna mambo hayajakaa sawa" ni maneno ya kuwatia watu homa, sema "pungufu ni 14,000." Eleza unachokijua na usichokijua. Ikiwa kosa ni lako, sema "kosa ni langu", mapema, kabla ya sababu. Mtu anayeanza na sababu anasikika kama anajitetea hata akiwa mkweli. Kisha toa funguo au daftari mikononi mwako mpaka kikundi kiamue, na usiamue wewe adhabu yako.

Kosa likiwa la mwenzako, mwendee kwanza peke yake, umpe nafasi ya kusema mwenyewe kikaoni. Hiyo ndiyo sitara yake. Mpe hadi kikao kijacho, usimpe mwezi. Akikataa, utasema wewe. Na ikiwa ni wizi wa makusudi na mtu hataki kurejesha, kikundi kiende kwa sheha, na sheha akishindwa, polisi. Najua neno polisi baina ya jamaa ni zito kuliko jiwe la msingi. Lakini nimeona mama aliyepoteza akiba ya mwaka mzima wa mwani, mikono imechunika kwa maji ya chumvi, na watu wanamwambia asamehe kwa ajili ya udugu. Udugu wa nani? Yeye naye alikuwa ndugu yao.

Hatua ya nane: mgao

Mwisho wa mwaka sanduku linamwagwa. Mikopo yote iwe imerejeshwa wiki mbili kabla. Hesabuni pesa zote, gawanyeni kwa jumla ya hisa zote. Kwa mfano, mna 6,480,000 na hisa ni 2,700: kila hisa ina thamani ya 2,400. Mwanachama mwenye hisa 110 aliweka 220,000, anachukua 264,000. Ubao uwe mkubwa, gawanyo lifanywe mbele ya watu, na mwanafunzi wa skuli wa mtaani aitwe alirudie kwa kikokotoo. Viongozi wapokee mwisho.

Kuna jambo moja la kuangalia. Mabaki ya mgawanyo, zile mia mbili tatu zisizogawanyika, zisiachwe mkononi mwa katibu "kwa ajili ya kalamu". Ziandikwe, ziingie mfuko wa jamii. Nimeshuhudia watu waliosamehe pungufu la maelfu wakashindwa kusahau mia tatu, kwa sababu maelfu yaliombewa radhi na mia tatu ilichukuliwa kama haki.

Hatua ya tisa: kukabidhi

Muda wako ukiisha, ondoka. Watakwambia ubaki, kwamba hakuna mwingine, na utapenda kuamini. Ikiwa kweli hakuna mwingine baada ya miaka mitatu, hukuwafundisha, na hilo pia linahesabiwa kwenye uongozi wako. Tangu mwaka wa pili mpe katibu msaidizi daftari mara moja kwa mwezi, umwache akosee mbele yako.

Siku ya makabidhiano, orodhesheni kila kitu kwa maandishi: sanduku moja, kufuli tatu, funguo tatu na majina ya wanaozishika, daftari, vitabu vya wanachama, muhuri na kidau chake, laini ya simu, salio la mifuko yote miwili, mikopo iliyo nje na tarehe zake. Mkabidhi, mpokeaji na mashahidi wawili watie saini. Nakala moja ikae sandukuni, moja kwa kiongozi mpya, moja uende nayo nyumbani.

Nami niko karibu kukabidhi, mgao wa mwaka huu ukipita. Mpokeaji ni yule mama aliyekuja mlangoni kwangu siku ile ya homa ya mwanawe. Alichaguliwa kwa kura 19. Mwezi uliopita alisimamia kikao kwa mara ya kwanza, na baada ya kuuliza salio la wiki iliyopita, swali lake la pili aliniuliza mimi, kwa jina langu, mbele ya wote, kwa nini rejesho langu halijaandikwa. Nikafungua kitabu changu, tukatazama pamoja. Muhuri ulikuwa umerukwa. Tukaugonga.